Fiati Iliyoshonwa Upya

Karatasi ilibandikwa kwenye kioo cha gari asubuhi ya Jumamosi, na kabla gundi haijakauka kichochoro kizima kilikuwa kimekwisha kuisoma, pamoja na wale wasiojua kusoma. Ilisema kwamba gari lolote lisilotembea litaondolewa na winchi baada ya siku kumi na nne, na likishaondolewa halirudi, linakwenda kupondwa. Chini palikuwa na mhuri wa baraza la mtaa na sahihi yenye mkia mrefu kuliko barua yenyewe.

Bi Inshirah aliisoma mara tatu, miwani puani, sindano mdomoni. Alikuwa mshonaji, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka arobaini pale pale mtaani Karmuz, Iskandaria, kwenye chumba cha chini chenye dirisha linalotazama kichochoro. Na kilichosimama mbele ya dirisha hilo, miaka kumi na moja sasa, ni Fiati ya mwaka sitini na sita, nyeusi kwa njano, teksi ya marehemu mumewe Lutfi.

Tusidanganyane, gari lilikuwa limechakaa. Matairi yalikuwa yamelala chini kama maandazi yaliyokosa hamira. Kwenye kiti cha nyuma paka walikuwa wamezaliana vizazi tisa, na mkubwa wao alimtazama kila anayekaribia mlango jinsi mwenye nyumba anavyomtazama dalali. Lakini kila Alhamisi Lutfi alipokuwa hai, magharibi ikikaribia, alikuwa akilisimamisha hapo dirishani, anapiga honi mara mbili, na Bi Inshirah anavua kidole cha bati cha kushonea, anajifunga mtandio, wanakwenda pwani kula mbegu za tikiti na kuyatazama mawimbi, mita ya teksi ikiwa imezimwa. Mtu hawezi kutazama kitu kama hicho kikipondwa.

"Shoga, waache walichukue," alisema Tahani, muuza achari wa mlango wa pili, rafiki yake na mshindani wake tangu utotoni. "Utapata pa kuanikia nguo."

"Kaanike wewe ulimi wako," alijibu Bi Inshirah, akaitema sindano kiganjani, akatoka kwenda mkahawani.

Mkahawani alikuwepo Fundi Shawqi. Katika Iskandaria nzima hakuna aliyezijua injini za zamani kama yeye. Watu walisema akisikia gari likipita barabara ya tatu anaweza kukwambia silinda ipi inaumwa na dereva kala nini. Ila siku hizo mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa jasi kutoka begani mpaka kwenye vidole. Alivunjikaje? Ilitegemea umemuuliza siku gani. Jumatatu alikuwa amepigana na ngamia wa machinjioni. Jumatano alikuwa amemdaka mtoto aliyeanguka kutoka ghorofa ya nne. Ukweli ni kwamba aliteleza kwenye maji ya achari mbele ya duka la Tahani, na Tahani ndiye aliyekuwa akiusimulia kwa fahari.

"Fundi, nataka ulifufue gari la Lutfi," alisema Bi Inshirah.

"Kwa mkono upi, mama? Huu wa jasi, au huu unaoshika glasi?"

"Basi nitajie fundi mwingine."

"Wapo tele. Ukiwaonyesha injini ile watakwambia tupa, nunua nyingine. Vijana wa siku hizi hawatengenezi, wanabadilisha. Mtu akiwaendea na jino bovu wanambadilisha kichwa."

"Basi nitaifungua mwenyewe."

Dhumna zilibaki hewani. Mzee mmoja aliyekuwa anakohoa aliahirisha.

"Umewahi kushika spana?" aliuliza Fundi Shawqi.

"Nimeshika mkasi miaka arobaini. Nimemshonea bibi harusi mwenye bega moja juu kuliko jingine, na mpaka leo mumewe hajui."

Fundi Shawqi alimtazama vidole, akanywa chai yake mpaka kwenye majani. "Vidole unavyo," alisema. "Nguvu si kitu, nguvu anayo hata punda, na sijaona punda aliyefungua injini. Mimi nitakaa kitini, nitasema. Wewe utafanya. Siku utakayofungua hata nati moja kabla sijasema, nainuka na kiti changu."

Ndivyo ilivyoanza. Kesho yake asubuhi kiti kiliwekwa kando ya Fiati, fundi akakaa na bakora mkono wa kushoto kama mwalimu wa chuo. Paka walihamishwa kwa mabishano makubwa. Boneti ilipofunguliwa, vumbi lililotoka, wanasema, liliifanya meli moja bandarini ipige honi ya ukungu.

"Sikiliza kwa makini," alisema Fundi Shawqi. "Kila mwanafunzi hufanya kosa moja. Hufungua kwa furaha, anatia nati zote kwenye kopo moja, halafu anaanza kulia. Usifungue kitu mpaka ujue utakirudisha wapi. Bolti mbili zinafanana kama mapacha, lakini moja imezidi urefu wa punje ya mchele, na hiyo punje ndiyo itakayotoboa usichotaka kitoboke."

Bi Inshirah aliingia ndani, akatoka na shuka jeupe, akalitandaza juu ya meza ya kukatia nguo, akachukua chaki ya ushonaji na kuichora injini yote kama ilivyo: juu, chini, ubavu kwa ubavu. Kila bolti aliyoifungua aliishonea pale pale kwenye mchoro, mishono minne na fundo. Uzi mwekundu kwa za juu, wa kijani kwa za chini.

Fundi Shawqi aliinama juu ya lile shuka. Katika miaka hamsini ya kazi alikuwa ameona makopo, mabakuli, hata kofia yake mwenyewe ikitumika. "Uzi wa kijani usikatike," alisema mwishowe, kwa kuwa ilibidi aseme kitu.

Shida ilikuwa kwamba injini haikuzunguka kabisa. Miaka kumi na moja ya hewa ya bahari ilikuwa imezigandisha pistoni ndani ya silinda kama wali uliokaukia sufuriani. Na hapo ndipo mtaa ulipoingia kazini. Watu wa Iskandaria wana heshima zao: mtu akiulizwa jambo asilolijua, huona haya kusema sijui. Na asipoulizwa huona haya kunyamaza. Kinyozi alisema ipigwe nyundo. Muuza mikate alisema iwashiwe moto chini. Msomaji wa mita za umeme alisimama nusu saa akieleza jinsi shemeji yake wa Damanhuri alivyozibua injini ya trekta kwa asali. Tahani alikuja na ndoo ya maji ya achari.

"Inalainisha karoti siku tatu," alisema. "Itashindwa na chuma?"

"Siki na chumvi!" Fundi Shawqi alinyanyuka na jasi lake. "Mwanamke wewe, umenivunja mkono, sasa unataka kuizika injini mara ya pili? Rudi nyuma! Rudi!"

"Na huyu naye! Teleza basi tena, uone kama nitakuokota."

Dawa ya fundi mwenyewe ilikuwa ya kawaida mno, hata mtaa ukavunjika moyo. Plagi zote nne zitolewe, na ndani ya kila tundu imiminwe dizeli iliyochanganywa na oili, kikombe kidogo cha kahawa, asubuhi na jioni. Halafu kungoja.

"Mpaka lini?" aliuliza Bi Inshirah. "Siku zinakwenda, fundi."

"Aliyelala miaka kumi na moja haamshwi kwa kofi. Ukimlazimisha, pistoni itapasuka, na mimi na wewe tutabaki kunywa chai na kusimuliana habari za marehemu wawili."

Siku ya nne alimwambia atie spana kwenye nati kubwa ya mbele, ile iliyoshika krenki, mhimili unaozungusha injini. "Usivute. Bembeleza. Kidogo huku, kidogo huko, kama unavyotoa pete kwenye kidole kilichovimba." Bi Inshirah alibembeleza mpaka adhuhuri. Hakuna. Alibembeleza baada ya adhuhuri. Hakuna. Alipokuwa amekwisha kuacha kutumaini, na anafanya tu kwa sababu mikono imezoea, kitu kilijongea upana wa uzi, kwa sauti ya mzee anayeinuka kwenye mkeka. Alikaa chini hapo hapo barabarani akacheka, machozi yakamtoka, uso mzima oili.

Silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ilitoka siku ya tano. Siku ya sita alitandika godoro chini ya gari, akajisukuma mgongo chini, mwanamke wa miaka sitini na mwili wake wa heshima, kwenda kulifungua sinia la oili. Wapo wanaoapa alikaa chini ya gari siku mbili akipelekewa chakula kwa kamba. Ni uongo. Alitoka kula.

"Sasa tia kidole kwenye silinda," alisema Fundi Shawqi pistoni zilipotoka. "Ukucha. Upandishe taratibu mpaka juu. Ukikwama, tunahitaji mashine ya kuchonga, na mashine ina foleni ya mwezi mzima."

Ya kwanza, laini. Ya pili, laini. Ya tatu, Bi Inshirah alisimamisha mkono. Tahani aliacha maneno yake ya kila siku, akasogea karibu.

"Nini?" aliuliza Fundi Shawqi.

"Kuna kitu."

"Ukucha umekwama, au umegusa?"

"Umegusa."

"Kama mshono uliopigwa pasi, au usiopigwa?"

Bi Inshirah alifumba macho, akapandisha tena. "Uliopigwa pasi."

Fundi Shawqi alipumua. "Twende mbele. Itakula oili kidogo. Na wewe unakula sukari na daktari kakukataza, na bado tunakupenda."

Kilichomshangaza fundi siku zilizofuata, ingawa hakukisema kwa mtu isipokuwa mkahawa mzima, ni jinsi mama yule alivyoijua kazi kabla hajafundishwa. Alipomwambia mianya ya ringi za pistoni isikae mstari mmoja, kwamba kila ringi ielekeze mwanya wake upande wake ili moshi usipate njia, alijibu, "Ndiyo, kama mishono ya shati, ukiikutanisha yote makwapani nguo inachanika." Alipomwambia kofia za beringi hazibadilishani, kila moja na kichwa chake na upande wake, alijibu kwamba hata mikono ya koti haibadilishani. Gasketi ya sinia, ile ya kuzuia oili isivuje, aliikata mwenyewe kwa mkasi wake mzuri, kwenye kipande bapa cha gamba la vizibo, akapiga matundu kwa chombo cha kutobolea mikanda. Ilikaa kama ngozi.

Silinda hedi ilirudi siku ya kumi na mbili. Fundi Shawqi alikuja na kitu kilichoviringishwa kwenye fulana ya sufi, akakifunua polepole: spana ndefu yenye saa, ya kupimia nguvu.

"Mke wangu hajawahi kuishika hii," alisema. "Sasa sikia. Bolti hazikazwi mfululizo kama anayehesabu tasbihi. Unaanza..."

"Katikati," alisema Bi Inshirah, "halafu nakwenda nje, huku na huku. Kwanza kidogo zote, halafu narudi tena, halafu mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Nikianzia pembeni kitambaa kinavimba katikati."

Fundi aliishusha spana. "Nani kakwambia?"

"Kitambaa."

"Basi usinipe tena chai, nipe pensheni."

Ijumaa, siku ya kumi na tatu, watu wametoka msikitini, betri ya kuazima imefungwa, matairi yamejazwa upepo, na lita moja ya petroli imetiwa kutoka kwenye chupa. Bi Inshirah akazungusha ufunguo, stata ikalia. Ikalia tena. Injini ikakohoa, ikapiga chafya, ikatoa wingu la buluu lililowafanya njiwa wa banda la kinyozi wahesabiwe upya siku hiyo, kisha ikashika. Ilinguruma. Ikatulia, ikaanza kuimba, tk-tk-tk-tk, kama cherehani mpya.

Na kichochoro kizima kikanyamaza kimya.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Hakuna aliyesema hongera. Kinyozi aligeuka akatazama ukuta. Maana kila mtu pale alijua kwamba kitu kizuri kikisifiwa waziwazi, jicho la husuda hukipata, na jicho la Karmuz lina nguvu. Linaweza kuangusha ghorofa na kukausha maziwa ya mbuzi kwenye picha. Tahani, kwa mapenzi yote, alitoka mpaka njia panda akapaza sauti mji umsikie: "Maskini Inshirah! Gari limekufa moja kwa moja! Jamani, halina matumaini!" Na nyuma yake gari likinguruma.

"Limeoza," alikubali kinyozi kwa sauti, huku machozi ya furaha yakimlengalenga.

"Zima," alinong'ona Fundi Shawqi. "Kesho."

Kesho yake saa nne asubuhi gari la winchi liliingia kichochoroni kinyumenyume. Kando yake alitembea Bwana Ismat, afisa wa baraza, mtu mwembamba mwenye kofia ya serikali na ubao wa kuandikia. Alikuwa mtu mwema kwelikweli, na hilo ndilo lililoleta balaa. Alilikuta gari limeoshwa, bati linang'aa, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Lahaula! Gari zuri ajabu hili!" alisema. "Sijapata kuona zuri hivi mjini kote!"

Wala hakusema mashaallah.

Mtu angedhani ametupa bomu. Tahani alishika kifua. Muuza mikate aliweka sinia chini. Kila mmoja akakimbilia kuokoa.

"Hili? Zuri? Mheshimiwa, una homa!" alisema kinyozi. "Limeoza mpaka kwenye honi."

"Halina injini ndani," alisema muuza mikate. "Wamejaza magazeti."

"Lilinuka mpaka paka wakahama," alisema Tahani. "Halijatembea, halitembei, halitatembea. Wallahi linaniumiza macho."

Bwana Ismat alisikitika. Alichomoa kalamu sikioni. "Basi ni hasara kubwa," alisema, akaandika. "Maana mimi nilitaka kulipatia nafasi." Akampungia mkono mtu wa winchi, na mnyororo ukaanza kuteremka.

Hapo ndipo Bi Inshirah alipotoka mlangoni, ufunguo mkononi, amevaa gauni lake la Idi. Aliuona mnyororo.

"Wewe ndiye mwenye gari, mama? Wanasema halitembei. Ni kweli?"

Sasa, mtu akiwa amelelewa miaka sitini kuficha jema lake, ulimi wake haumngoji. Akiulizwa habari ya mwanawe aliyefaulu, husema mjinga. Akiulizwa habari ya mchuzi, husema umeungua. Ulimi wa Bi Inshirah ulijibu wenyewe kabla yeye hajafika: "Wapi, bwana! Limekufa zamani."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe. Ndoano ya mnyororo ilikwisha gusa bampa. Alimtazama Fundi Shawqi, na fundi uso ulikuwa umempauka kama chokaa. Alimtazama Tahani, naye Tahani alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu: usiseme, usiseme, usiseme.

"Ngoja!" alisema Bi Inshirah.

Ndoano ilisimama.

"Nimesema uongo. Na hawa wote wamesema uongo, Mungu awalipe mema. Linatembea." Aliikaza sauti kama uzi. "Injini yake ni nzima. Ni nzuri. Nimeifungua yote na kuirudisha yote kwa mikono yangu hii, na haina bolti iliyozidi wala iliyopungua. Hakuna injini nzuri kama hii Karmuz nzima!"

Watu walirudi nyuma hatua mbili. Mtu alisoma Ayatul Kursi kwa haraka. Maneno kama hayo hayakuwahi kutamkwa kichochoroni humo tangu kilipojengwa. Mabwana harusi walisifiwa kidogo kuliko hapo. Bi Inshirah mwenyewe alihisi nywele zikimsimama, lakini aliingia, akafunga mlango, akatia ufunguo.

Stata ikalia. Injini ikashika, ikapaliwa, ikafa.

"Nilijua!" alilia Tahani. "Jicho!"

Mara ya pili. Ikashika, ikapaliwa, ikafa.

"Jicho nyoko," alisema Fundi Shawqi, akiinamisha sikio. Rangi ilikuwa inamrudia. Huo haukuwa ugonjwa wa injini. Alikuwa anasikia mtu mzima mwenye afya aliyezibwa pua. "Pumzi haitoki! Nani kagusa ekzosi?"

Tahani alitazama mawingu.

"Wewe!"

"Nimeweka kifuko kidogo tu," alisema Tahani. "Habasoda, shabu, na kitambaa cha buluu. Alfajiri. Jicho lisiingilie nyuma."

"Umekishindilia?"

"Na ufagio. Mimi sifanyi kazi nusu."

"Inshirah!" alipiga kelele fundi. "Washa tena, kanyaga moto, usiachie! Kanyaga!"

Bi Inshirah akawasha, akakanyaga. Injini ikavuta pumzi, halafu ukatoka mlio uliosikika, kwa hesabu ya wenye kiasi, mpaka mnara wa bandari. Kifuko kiliruka kama risasi ya mzinga, kikaichukua kofia ya Bwana Ismat kichwani bila kugusa unywele mmoja, kikaenda nayo mpaka kwenye kamba ya nguo ya ghorofa ya pili, kikaining'iniza baina ya soksi mbili. Habasoda ikanyesha kichochoro kizima. Na ndani ya mvua hiyo, tk-tk-tk-tk, Fiati iliimba.

Bwana Ismat alijipangusa habasoda kwenye nyusi. "Inawaka," alikiri. "Lakini mama, karatasi inasema litembee. Kuwaka si kutembea."

Bi Inshirah alikuwa hajaendesha miaka ishirini, lakini Lutfi alikuwa amemfundisha vizuri, na miguu haisahau; mguu mmoja klachi, mwingine moto, sawasawa na cherehani ya kukanyaga. Alitia gia ya kwanza. Fiati ilitikisika kama anayekung'uta mkeka, ikaachana na mahali pake, ikaacha nyuma mstatili mweusi wa lami isiyoona jua miaka kumi na moja. Sasa ndipo vigelegele vilipopasuka, jicho lipende lisipende. Alipita duka la achari, akapita mkahawa, akatoka barabarani.

"Vizuri!" alipaza Fundi Shawqi, akimkimbilia nyuma, jasi mbele kama ngao. "Inatosha! Simama!"

Bi Inshirah alikanyaga breki. Mguu ulikwenda mpaka chini, ukakuta hakuna mtu nyumbani.

"Fundi! Breki hazipo!"

"Hazipo ndiyo! Zimekauka!"

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza injini! Nani aliniuliza breki? Zima ufunguo, gari litasimama lenyewe! Zima!"

Bi Inshirah alikwisha fika kwenye uwanja wa duara, palipo na chemchemi isiyotoa maji, akaanza kuuzunguka kwa gia ya kwanza, mwendo wa mkokoteni. Muuza nyanya alivuta toroli lake. Askari wa barabara alipuliza filimbi, akaona ni nani anayeendesha na kwa uso gani, akaitoa filimbi mdomoni akawasimamisha wengine. Bi Inshirah alishika ufunguo. Akaangalia mbele: barabara, jua, mikono yake yenye oili kwenye usukani wa Lutfi, na chini ya miguu yake ile sauti, kila mshono mahali pake.

Aliuachia ufunguo.

"Zima, mama!" fundi alikuwa akikimbia kwa kukata njia katikati ya duara.

"Nimehangaika wiki mbili kuiwasha!" alijibu kupitia dirishani. "Nizime kwa lipi?"

Bwana Ismat alifika ukingoni akihema, kichwa wazi, ubao mkononi. "Sasa niandike nini?"

"Andika linatembea!" walijibu watu thelathini kwa pamoja.

"Na kusimama je?"

"Karatasi yako imeuliza kusimama?" alisema Tahani.

Bwana Ismat aliisoma tena mbele na nyuma, kwa sababu alikuwa mtu mwaminifu. Haikuuliza. Akafuta alichoandika mwanzo, akaandika upya, akapiga mhuri juu ya goti lake. Mara hii akakumbuka kusema mashaallah, akaisema mara tatu, na kwa sauti.

Fiati ilipita mbele yao mzunguko wa tano. Tahani alikuwa amejitupa ndani ilipopunguza mwendo kwenye kona, amekaa kiti cha mbele na kapu lake la achari mapajani, anapunga mkono kwa wasiomjua. Kutoka dirisha la dereva mkono mmoja ulitoka na chupa tupu.

"Fundi!" aliita Bi Inshirah. "Mshale unashuka! Kimbia ukaniletee petroli!"

Na Fundi Shawqi, ambaye kwa miaka hamsini hakuwahi kutumwa na mwanafunzi, aliidaka ile chupa kwa mkono wake mzima, akakimbia.